Mbunge wa kikanda anaweza nini? Safari ya Gertrude Mongella kutoka Ukerewe hadi Bunge la Afrika

Huenda umesikia redioni kwamba wabunge wa Afrika Mashariki wamekutana Arusha, au kwamba Bunge la Afrika limetoa tamko kuhusu vita nchini kwenu, ukajiuliza hawa ni akina nani, nani aliwachagua, na wana msaada gani kwako wewe uliye kambini au katika kijiji kinachopakana na kambi. Ni swali la haki. Wabunge hao hawawezi kukuandikisha, hawawezi kukuongezea mgao wa chakula, wala hawawezi kukupeleka nchi ya tatu. Akitokea mtu akakuambia kwamba anamjua mbunge wa kanda atakayelisukuma faili lako kwa malipo, mtu huyo ni tapeli. Usimpe hata shilingi, na utoe taarifa.

Lakini si kweli pia kwamba wabunge hao hawana kazi. Ili uione kazi yao na mipaka yake, tumfuate mtu mmoja aliyekaa katika mabunge mawili ya namna hiyo kwa nyakati tofauti: Gertrude Mongella wa Tanzania. Bunge la kwanza lilivunjika akiwa ndani yake. La pili aliliongoza kwa miaka mitano bila kuwa na mamlaka ya kutunga sheria hata moja. Katikati ya hayo mawili alisimamia mkutano uliotoa maneno ambayo mwanamke mkimbizi anaweza kuyatumia leo, katika kikao cha kamati ya kambi yake. Hayo maneno tutayafikia.

Mwalimu kutoka kisiwani

Ukerewe ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, kikiwa upande wa Tanzania, mkoa wa Mwanza. Watu wake huvua samaki na kulima mihogo, na kila safari ya kwenda mjini, hospitali kubwa au shule ya mbali hutegemea chombo cha majini. Kama umetoka Baraka, Uvira au Rumonge huhitaji kuelezwa zaidi: unajua maana ya kusubiri ziwa litulie.

Mongella alizaliwa huko tarehe 13 Septemba 1945, Tanganyika ikiwa bado chini ya Uingereza. Alipofika umri wa miaka 12 aliondoka kisiwani kwenda kusoma katika shule iliyoendeshwa na masista wa Maryknoll huko Morogoro, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Kwa msichana wa miaka ya 1950 hilo halikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1970 alipata shahada ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafundisha katika Chuo cha Ualimu Chang'ombe, kisha akafanya kazi ya kutunga mitaala. Tunayataja haya kwa sababu ualimu ulimfaa baadaye kuliko cheo chochote. Kuongoza mkutano wa nchi zisizoelewana kunafanana na kuongoza darasa lenye vichwa vigumu: huwezi kumfukuza yeyote, na kengele ikilia lazima somo liwe limekwisha.

Bunge la kwanza, lililokufa

Mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 30, aliingia katika Bunge la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hii si Jumuiya unayoisikia leo. Ni ile ya zamani, iliyoanza mwaka 1967 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania, ambayo ilikuwa na reli moja, bandari, posta na simu za pamoja na shirika moja la ndege. Wazee wa vijiji vyetu wenyeji bado wanaikumbuka.

Tatizo lilikuwa juu. Chombo kikuu cha Jumuiya kilikuwa mkutano wa marais watatu. Idi Amin alipoipindua serikali ya Milton Obote nchini Uganda mwezi Januari 1971, Rais Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Kuanzia hapo chombo kikuu hakikukutana tena. Wabunge waliendelea kukutana, wakijadili bajeti na miswada, huku wakubwa wao hawasemezani. Mapema mwaka 1977 shirika la ndege lilisambaratika, mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya yenyewe ilikuwa imekufa. Mpaka ule ulifunguliwa tena mwaka 1983. Familia za pande mbili za mpaka zilikaa miaka sita zikikwepana na askari ili kuzikana na kuozana.

Mbunge wa kawaida hupoteza kiti chake kwa kura. Mongella na wenzake walipoteza viti vyao bila kura yoyote kupigwa, kwa sababu nchi zilizowatuma ziligombana. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa bunge la kikanda, na haujaondoka.

Jumuiya mpya iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na Bunge lake lilizinduliwa mwaka 2001. Sasa Jumuiya ina nchi nane. Burundi na Rwanda ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Angalia orodha hiyo vizuri. Nchi wanakotoka wakimbizi wengi wa makazi ya Kigoma, Nakivale, Kakuma na Dadaab, na nchi zinazowapokea, sasa zimo katika Jumuiya moja na zina viti katika Bunge moja.

Kila nchi hutoa wabunge tisa. Huchaguliwa na bunge la nchi yao, lakini wao wenyewe hawaruhusiwi kuwa wabunge wa nchi hiyo kwa wakati uleule. Tofauti na Bunge la Afrika ambalo tutalieleza baadaye, Bunge la Arusha hutunga sheria kwelikweli. Ila mswada ukishapita hupelekwa kwa marais wa nchi zote. Rais mmoja akikataa kutia saini, mswada hurudishwa. Ukipelekwa tena naye akakataa tena, umekwisha. Kwa hiyo mbunge wa Arusha anaweza kushinda hoja ndani ya ukumbi na kushindwa na kalamu moja.

Beijing, na kazi ya kuondoa mabano

Baada ya Jumuiya kuvunjika Mongella alirudi katika siasa za nyumbani. Aliingia Bunge la Tanzania mwaka 1980, akawa waziri wa nchi katika Ofisi ya Waziri Mkuu, kisha Waziri wa Ardhi, Maliasili na Utalii kuanzia mwaka 1985, baadaye waziri asiye na wizara maalum. Mwaka huohuo wa 1985 aliongoza ujumbe wa Tanzania katika mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa balozi nchini India. Ni safari ya kawaida ya mwanasiasa wa chama tawala wa wakati huo, na kama ingeishia hapo tusingekuwa na makala hii.

Aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Boutros Boutros-Ghali, ndiye aliyemteua kuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, uliopangwa kufanyika Beijing, China, mwezi Septemba 1995. Maandalizi yalichukua zaidi ya miaka miwili, na kwa ukanda wetu hiyo ilikuwa miaka mibaya kuliko yote. Mwezi Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia. Mwezi Aprili 1994 yalianza mauaji ya kimbari nchini Rwanda, na mwishoni mwa mwezi huo watu wapatao 250,000 walivuka mto na kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya takribani siku moja. Mwezi Julai karibu watu milioni moja waliingia Goma na maeneo yanayouzunguka. Ripoti zilizosomwa mezani kwa waandaaji wa mkutano wa Beijing zilikuwa na habari za wanawake wa ukanda wa Mongella mwenyewe. Wajumbe wa Afrika walipokutana Dakar mwezi Novemba 1994 kupanga msimamo wa bara, suala la wanawake katika vita halikuwa nadharia.

Ni muhimu uelewe kazi ya katibu mkuu wa mkutano kama huo. Hapigi kura, wala hawezi kuiamuru serikali yoyote. Kazi yake ni kuhakikisha rasimu ipo, nchi zinaijadili, na mwishoni kuna maandishi ambayo zote zinaweza kuyakubali. Katika rasimu za Umoja wa Mataifa, sehemu ambayo nchi hazijakubaliana huwekwa ndani ya mabano. Wajumbe walifika Beijing na rasimu ambayo karibu theluthi moja yake ilikuwa bado ndani ya mabano. Waligombana kuhusu urithi wa mtoto wa kike, kuhusu afya ya uzazi, kuhusu maana ya neno "jinsia", kuhusu nani alipe gharama. Usiku baada ya usiku wapatanishi walikaa wakitoa mabano moja moja.

Serikali 189 zilishiriki. Mashirika ya kiraia yalifanya kongamano lao Huairou, mji ulio mbali na jiji, ambako wanawake zaidi ya 30,000 walikutana katika mahema na matope ya mvua. Wengi walinung'unika kwamba wamesukumwa mbali ili wasisikike. Mongella alilazimika kuongea na pande zote: wenyeji wa China waliotaka utulivu, serikali zilizotaka lugha laini, na wanawake waliotoka mbali na hawakutaka kurudi mikono mitupu.

Tarehe 15 Septemba 1995 mkutano ulipitisha Mpango wa Utekelezaji wa Beijing wenye maeneo 12 ya kushughulikiwa. Nyumbani Mongella akabaki na jina la Mama Beijing. Neno lenyewe likaingia mitaani katika Afrika Mashariki yote, mara nyingi kwa kejeli: mwanamke akidai haki yake kidogo tu, anaambiwa "huyo ni wa Beijing". Kejeli hiyo ilisaidia kuueneza mpango ule kuliko semina nyingi. Watu wasiowahi kuusoma walijua upo.

Aya ya 147

Katika yale maeneo 12, moja linahusu wanawake na vita, na ndani yake kuna sehemu nzima inayohusu wanawake wakimbizi na waliohamishwa makwao. Aya ya 147 inazitaka serikali na mashirika, pamoja na mengine, kuhakikisha kwamba wanawake wanashirikishwa kikamilifu katika kupanga, kutekeleza na kutathmini miradi ya misaada kwa wakimbizi, ikiwa ni pamoja na uendeshaji wa kambi, na kwamba wanawake na wasichana wanazifikia huduma moja kwa moja.

Isome tena polepole. Kuna tofauti kati ya kupewa sabuni na kukaa katika kamati inayoamua sabuni igawiwe vipi, saa ngapi na wapi. Anayejua kwamba bomba la maji lililojengwa nyuma ya kichaka ni hatari jioni ni yule anayebeba ndoo. Kabla ya miaka ya 1990 katika makazi mengi kadi ya mgao iliandikwa kwa jina la baba, na mwenyekiti, katibu na wajumbe wa kamati walikuwa wanaume. Ukiona leo kanuni za uchaguzi wa viongozi katika makazi yenu zinataka mwenyekiti akiwa mwanamume basi makamu awe mwanamke, au zinaweka idadi ya viti vya wanawake, mzizi wake mmoja uko katika maandishi ya aina hii.

Mongella hakuiandika aya hiyo kwa mkono wake, na si yeye pekee aliyeipigania. Wala Mpango wa Beijing si sheria: hakuna mahakama unayoweza kwenda nayo. Ila miaka minane baadaye, mwezi Julai 2003, Umoja wa Afrika ulipitisha mjini Maputo itifaki kuhusu haki za wanawake, na hiyo ni mkataba unaozifunga nchi zilizouridhia. Kifungu cha 10 kinazitaka nchi kuongeza ushiriki wa wanawake katika ngazi zote za vyombo vinavyosimamia kambi na makazi ya wakimbizi. Kifungu cha 11 kinataka walindwe dhidi ya ubakaji na unyanyasaji mwingine wa kingono. Tanzania, Kenya na Uganda zote zimeridhia. Ndivyo maneno ya mikutano yanavyotembea: yanaanza kama tamko, yanakaa miaka, kisha mtu anayachukua na kuyatia katika mkataba, halafu mwingine anayatia katika kanuni za kamati ya kambi.

Rais wa Bunge la Afrika, mbunge wa Nansio

Mwaka 2000 Mongella aligombea ubunge Ukerewe akashinda. Bila kiti hicho asingeweza kuwa kile alichokuwa baadaye, na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya.

Bunge la Afrika ni chombo cha Umoja wa Afrika. Kila nchi hutuma wabunge watano, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Tofauti na Bunge la Arusha, wanaotumwa ni wabunge wa nchi zao. Mbunge akipoteza kiti chake nyumbani, amepoteza na kile cha Afrika. Bunge hilo lilizinduliwa Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004, na siku hiyo Mongella alichaguliwa kuwa rais wake wa kwanza. Baadaye mwaka huo makao yake yakahamia Midrand, Afrika Kusini.

Basi fikiria. Mwezi Desemba 2005 Tanzania ilifanya uchaguzi mkuu. Mwanamke aliyekuwa anaongoza Bunge la bara zima alilazimika kurudi Ukerewe kuomba kura. Mvuvi wa Ukara au Ilugwa hakuulizwa kama Midrand inafaa. Aliangalia kivuko, bei ya samaki na zahanati. Mongella alishinda akaendelea. Ila mvutano huo haukuisha, na haumwachi mbunge yeyote wa aina yake: kazi inayompa heshima iko mbali, na watu wanaompa kazi hiyo wako kisiwani. Muda wake Midrand uliisha mwezi Mei 2009 akampokea nafasi Idriss Ndélé Moussa wa Chad. Mwaka uliofuata jimbo la Ukerewe lilikwenda kwa chama cha upinzani, CHADEMA.

Je, alifanya nini na miaka mitano ile? Itifaki iliyounda Bunge la Afrika ililipa mamlaka ya kushauri tu. Linaweza kujadili, kuchunguza, kutuma wajumbe na kutoa mapendekezo. Haliwezi kutunga sheria wala kuikatia nchi bajeti. Wengi waliliona ni baraza la maongezi, na katika hilo hawakukosea sana.

Ila kushauri kuna uzito tofauti kulingana na unamshauri nani na ukiwa umeona nini. Mwishoni mwa mwaka 2004, Bunge likiwa halijafikisha hata mwaka mmoja, lilituma wajumbe Darfur, Sudan. Wakati huo vita vya huko vilikuwa vimewafukuza watu zaidi ya milioni moja makwao, na karibu 200,000 walikuwa wamevuka kuingia mashariki mwa Chad. Wabunge wa Kiafrika walikwenda, wakawasikiliza waliofukuzwa, wakarudi na ripoti. Haikusimamisha vita. Ilifanya jambo dogo zaidi lakini la maana: serikali iliyokuwa inasema kwamba habari za Darfur ni uzushi wa wazungu ilijikuta ikijibu maswali ya Waafrika wenzake.

Zimbabwe inaonyesha pande zote mbili za kazi hii. Mwaka 2002 Mongella aliongoza waangalizi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika katika uchaguzi wa rais nchini humo, na waangalizi hao waliusifu uchaguzi kuwa huru na wa haki, ilhali waangalizi wa Jumuiya ya Madola na wa jukwaa la wabunge wa kusini mwa Afrika waliona kinyume. Alilaumiwa kwa hilo, na tunaona lawama ilikuwa na msingi. Mwezi Juni 2008, akiwa sasa rais wa Bunge la Afrika, Bunge hilo lilituma waangalizi wake chini ya Marwick Khumalo wa Swaziland katika duru ya pili ya uchaguzi wa Zimbabwe. Hao walisema wazi kwamba mazingira ya vurugu na vitisho hayakuruhusu uchaguzi huru, na wakataka urudiwe. Tofauti yake ilitoka wapi? Moja ni kwamba ujumbe wa 2008 ulijazwa na wabunge, wengine wa vyama vya upinzani nchini kwao, wasiotegemea maelekezo ya rais yeyote. Hiyo ndiyo faida ya bunge la kikanda hata likiwa halina meno: ndani yake wamo watu ambao serikali zao haziwezi kuwanyamazisha wote kwa pamoja.

Mwezi Juni 2014 viongozi wa Afrika walipitisha mjini Malabo itifaki mpya ya kulipa Bunge hilo mamlaka zaidi. Ili ianze kufanya kazi inahitaji kuridhiwa na nchi 28. Idadi hiyo haijafikiwa.

Wewe unaweza kufanya nini

Kama wewe ni raia wa nchi mwenyeji, kumbuka kwamba wabunge watano wa nchi yako katika Bunge la Afrika ni wabunge wa majimbo na viti maalum unaowasikia kila siku. Yupo anayekuja kuomba kura. Katika mkutano wake wa hadhara una haki ya kumuuliza alisema nini Midrand kuhusu vita vinavyowaleta majirani wapya kijijini kwako, na kuhusu misitu, maji na shule mnazotumia pamoja. Maswali haya ni nadra kuulizwa, na mbunge ambaye hajawahi kuulizwa hana sababu ya kujiandaa.

Kama wewe ni mkimbizi, katika nchi zinazotuzunguka hupigi kura ya kumchagua mbunge wa nchi inayokupokea. Hilo linaumiza, hasa kwa mtu aliyekaa kambini miaka 20 na watoto waliozaliwa humo. Lakini mlango wa bunge la kikanda haujafungwa kabisa. Bunge la Afrika Mashariki hupokea maombi ya maandishi kutoka kwa wananchi na asasi. Wakati wa mgogoro wa Burundi, asasi za kiraia na wanasheria walipeleka ombi la namna hiyo, na mwezi Januari 2016 kamati ya Bunge inayohusika na masuala ya kikanda na utatuzi wa migogoro ilisikiliza pande mbalimbali mjini Arusha. Maombi ya aina hiyo hupita vizuri zaidi yakiandikwa na kundi, yakitaja tatizo la watu wengi, na yakipitia asasi inayojua taratibu. Usipeleke humo kesi yako binafsi ya hadhi ya ukimbizi au ya familia kutengana. Hiyo ipeleke kwa idara ya serikali inayohusika na wakimbizi na kwa UNHCR, ambako hulipi chochote.

Na unapiga kura mahali pamoja: katika makazi yenu. Uchaguzi wa kamati ya kambi, wa kiongozi wa kijiji au kanda, au wa baraza la wakimbizi kwa mlio Uganda, ndio uchaguzi unaoamua bomba liwekwe wapi na taa iwashwe njia gani. Wanawake wakiambiwa katika mkutano huo kwamba nafasi zimejaa, au kwamba watapewa ukatibu wa kuandika tu, wanaweza kuuliza mbele ya ofisa wa serikali na wa shirika: aya ya 147 ya Beijing na kifungu cha 10 cha Itifaki ya Maputo vinasemaje kuhusu uendeshaji wa kambi hii? Omba jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao.